Usinifichie Tena Maji

Baba Régina,

Mboga ya sombe iko ndani ya chungu, wali mupike wewe na watoto.

Asubuhi nilikuta umeficha tena mutungi wa maji chini ya kitanda. Najua unanihurumia, nisikimbilie chooni kila mara. Lakini masere, yule mutawa anayetunza wagonjwa kwenye dispansere, alisema maji kidogo yanafanya mukojo kuwa mukali, nao unachokoza kibofu. Nipunguze kahawa tu. Haja ikinishika, nisikimbie: nisimame, nikaze kule chini mpaka itulie.

Nimejaribu, inatulia kweli. Basi leo ninapanda kamio kubwa ya kubeba pamba, hata kama haisimamagi njiani, nikamuone dada yangu Nyangwe. ~~Nitarudi kesho.~~ Nitarudi siku ya Mungu, kisha misa.

Mbuzi zifungwe kabla ya mvua. Kahawa yangu nimekuachia. Kunywa yote, tuone nani atakimbilia chooni.

Mama Régina