Mume Wangu Alipiga Hesabu ya Safina Mezani

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na tafadhali usiniambie niende kuonana na viongozi wa dini, maana hao ni watu wa mume wangu, wala usiniambie nizungumze na wenzangu wa kazini, maana hao ndio walionifikisha hapa, ingawa nikisema ukweli nilifika kwa miguu yangu mwenyewe.

Mimi nafundisha biolojia chuoni na mume wangu ni mhandisi wa majengo, na sitaki umdhanie mtu wa kubahatisha, la, huyu bwana ni kichwa, wahandisi wenzake wakikwama na ramani wanamletea nyumbani, anaitandaza kwenye meza ya chakula, anakuna kidevu, halafu anaweka kidole pale pale penye kosa. Lakini mtu huyo huyo anaamini dunia iliumbwa kwa siku sita, siku kama Jumatatu na Jumanne, na gharika ilifunika milima yote, na safina ilikuwa safina kweli ya mbao na lami, si mfano wala fumbo. Tangu tuoane nimekuwa nikiyapita mambo haya kama unavyopita kiti kilichokaa vibaya sebuleni, unakizunguka tu na maisha yanaendelea.

Sasa majuzi niliwakaribisha walimu wenzangu chakula, na mwalimu wa fizikia, ambaye ana mdomo, akamwambia mume wangu, "Shemeji, hebu tusaidie, wanyama wote wale ndani ya safina, hewa walipata wapi? Na kinyesi chao je?" Watu wakainamia sahani kuficha vicheko. Mume wangu hakuona. Mshauri, uso wake ulichangamka, akachomoa kalamu mfukoni, akavuta tishu ya mezani, akaanza kuchora, dirisha liko hapa juu, upepo unaingia huku, uzito wa maji ya kunywa ni huu, kinyesi kinashushwa kwa mfereji huu, anapiga hesabu kwa furaha, maana alidhani wanauliza kweli. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, hata mimi. Nami nilijua wanamchezea, nikamwacha aendelee, na walipopasuka kucheka nilicheka nao, tena kuwashinda, nikasema, "Mwacheni jamani, akili zake huwa anaziacha kazini."

Akaikunja ile tishu, akaitia mfukoni mwa shati, akauliza nani aongezewe chai.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Kila asubuhi alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda anaomba kwa sauti, mimi nachana nywele, nasikia ananitaja, goti langu linaloniuma, wanafunzi wangu wenye mitihani, mama yangu na presha yake, hata mkuu wa idara anayenisumbua alikuwa anamwombea, nikawa nacheka moyoni. Siku hizi midomo inacheza tu, sauti hakuna. Sijui kama bado nimo. Na mimi siamini kama kuna anayesikiliza, sasa nitaanzaje kumwambia apaze sauti, si utakuwa unafiki? Chuoni nako wamempa jina, wanamwita Nahodha, "Nahodha hajambo?", nami nacheka, halafu naingia darasani naandika ubaoni nikiwapa wanafunzi mgongo. Sina mtu wa kumwambia, upande huu wala ule.

Wiki hii kakubali kazi ya mbali, ujenzi wa daraja, ambayo siku zote alikuwa anaikataa ili asiniache peke yangu. Anaondoka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nakuuliza wewe: mtu anaweza kuwa na akili, tena nyingi, na bado akaamini kila neno kama lilivyoandikwa? Maana kama haiwezekani, basi sijui nimeishi na nani, na juzi nilijikuta nimesimama chini ya ghorofa alilojenga yeye, naziangalia nguzo kwa wasiwasi, nikajionea aibu.

Ni mimi,
Mke wa Nahodha

*

Marahaba, mwanangu. Naanza na sahihi yako. Umeniandikia ukiwa peke yako, hakuna mwalimu wa fizikia chumbani, hakuna wa kumfurahisha, na bado umemtaja mumeo kwa jina la kumcheka. Soma tena mwisho wa barua yako uone. Mimi nitakuita Mke wa Mhandisi.

Swali lako nalijibu sasa hivi tusipotezeane muda. Ndiyo, inawezekana, na ushahidi unalala nao kitanda kimoja. Wewe si mwanasayansi? Mdudu akikataa kuingia kwenye mpangilio wenu huko maabara, unamkana mdudu au unarekebisha mpangilio? Basi. Sijasema mumeo yuko sahihi, na gazeti hili halinilipi kuamua kesi ya gharika. Mwenye akili hukosea, tena hukosea kwa utaratibu, na mifereji ya kinyesi juu. Lakini kukosea ni jambo moja na ujinga ni jambo jingine, wewe unayesahihisha mitihani unajua tofauti. Hilo ghorofa limeanguka? Halijaanguka. Basi ondoka hapo chini, watu watakushangaa.

Pole nakupa, na ni pole ya kweli. Kuishi na mtu unayempenda, huku ndani yake mna chumba usichoweza kuingia, kunauma. Upweke huo sina dawa yake, na yeye anao pia, ila hajaandikia gazeti. Lakini unaokukaba leo ni mwingine. Huu umeupika mwenyewe ukawapakulia wageni. Yule bwana kwa mara ya kwanza alidhani ameulizwa. Hebu fikiria, kaoa mwalimu, na hajawahi kuulizwa swali!

Na hayo ya unafiki niondolee hapa. Hukuniandikia kuuliza kama Mungu yupo. Umeniandikia kwamba hujui kama bado umo. Kutaka kusikia mumeo akikutaja hakuhitaji imani, kunahitaji umeze kiburi.

Sasa sikiliza. Chuoni wakikuuliza kama Nahodha hajambo, usicheke. Waambie, "Mume wangu ana jina, na nilikosea kumcheka." Watanuna, watapona. Kisha waite wale wale nyumbani, na huyo mwenye mdomo asikose, umwombe mumeo radhi mbele yao, maana ulimvunjia heshima mbele yao. Ukimwomba jikoni mkiwa wawili, utakuwa umefanya nusu ya kazi. Usimwambie umeanza kuamini. Huyo kazi yake ni kuona ufa, atauona. Mwambie, "Mimi siamini, lakini nataka kujua ile hesabu iliishia wapi." Nina hakika tishu hajaitupa. Kaa naye, uliza maswali magumu, bisha panapobishika, mumeo si yai. Na safari usimzuie. Akienda, aende kwa sababu anataka kujenga daraja, asiende kwa sababu nyumbani hapakaliki.

Lakini usingoje wageni ndipo uanze. Kesho asubuhi, akikaa ukingoni mwa kitanda na midomo ikaanza kucheza, weka kitana chini, sogea mkae bega kwa bega, umwambie neno moja tu: "Sisikii."