Njia Ambayo Sikuichora

Dada yangu,

Huku hatujambo, ila Mama hakuonwa na daktari wa macho. Mfumo wa miadi wa kliniki niliupima mimi mwenyewe! Nilichora kila hatua ya mgonjwa anapoweka miadi, kompyuta ikatunga majaribio elfu nne kutokana na mchoro huo, yote yakafaulu. Bosi akanipongeza. Kumbe kompyuta haichoki, lakini hujaribu nilichochora tu. Mama alibonyeza kitufe cha "Thibitisha" mara mbili. Mara ya pili ikafuta miadi. Mipya ni baada ya miezi mitatu, na jicho halingoji.

Nilimfokea, Dada. "Mara mbili ya nini, Mama?"

Akanigeuzia lile jicho zima. "Kwani hodi hupigwa mara moja?"

Mdogo wako, yule mnayemwita Profesa