Chupa Zilizotakata Mno

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta u mzima, na goti linakuruhusu walau kusali asubuhi. Mimi namshukuru Mungu, ila nimechoka, na uchovu wenyewe si wa mikono.

Bado naosha vyombo pale maabara. Yule mtafiti niliyekuandikia habari zake, Mama Pacha, anachunguza ngozi ya seli, ile nyembamba inayofunika kila chembe ya mwili. Aliniambia imejengwa kwa mafuta. Nikamuuliza kama ni ya kukaangia, akacheka hadi akakaa chini. Akanieleza kuwa mafuta mengine yana mikia iliyonyooka, hubanana kama watu waliokaa wima kwenye benchi, ngozi ikawa ngumu kama samli iliyoganda. Mengine mikia imepinda, ni kama wale wanaotanua magoti: nafasi zinabaki, ngozi inalegea, inakunjika bila kukatika. Na yapo yenye vichwa vikubwa kuliko mikia. Yakijazana upande mmoja, ngozi inajipinda yenyewe. Nikamwambia Mungu ni fundi. Akasema hilo habishi.

Kazi yake ni kuchanganya mafuta hayo kwenye vichupa, atengeneze vipovu vidogo mno vya ngozi hiyo, apime jinsi vinavyopinda. Miezi mitatu sasa vinapasuka vyote, vigumu kwa laini. Mkuu wake alimwambia mbele yetu kwamba ana mikono mizito, na mwisho wa mwezi kazi hiyo atapewa mwingine.  Mama Pacha alikuja kwenye sinki langu, akanawa uso, akaniuliza nimeamkaje.

Dada, wewe ndiye wa kwanza nyumbani kuambiwa haya. Juu ya sinki kuna karatasi isemayo vichupa vya mafuta visuuzwe kwa spiriti tu. Unajua mama alivyotulea: chombo cha kusuuzwa tu kwake kilikuwa bado kichafu. Basi nikawa naviosha kwa sabuni, kimyakimya. Viling'aa hadi wakaniita Bibi Kioo, nami kichwa kikavimba. Juzi nikamsikia Mama Pacha akimweleza mwenzake kwamba sabuni kidogo tu, hata isiyoonekana, hujipenyeza katikati ya mafuta ikaichana ngozi yote. 

Siku mbili nilimwomba Mungu anipe njia nyingine. Hakunipa. Leo asubuhi nikamwendea mkuu, Mama Pacha akiwepo, nikasema yote. Mkuu akauliza kama sikuisoma karatasi. Nikamjibu niliisoma kila siku, ila niliiona ya watu wavivu. Akasema Jumatatu nitajua kama bado nina kazi.

Mama Pacha alinifuata hadi kwenye sinki. Hakusema amenisamehe. Aliniomba tu nimwonyeshe vichupa vyote nilivyogusa, tukavitenga pamoja, mia mbili na kumi na vinne. Kila nilichompa alikipokea kwa mikono miwili.

Msalimie shemeji na watoto wote. Wakiuliza habari zangu, waambie kweli. Nikumbuke katika sala zako.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba wa mama