Darubini Ndani ya Ulezi

Malangali, Sumbawanga

Mdogo wangu Flavian,

Hapa mahindi yamevunwa na baridi imeanza kuuma. Baridi hii siimalizi, daktari ameniambia wazi. Kwa hiyo ujue: darubini yako haikuibiwa kule kisiwani. Niliificha mimi, ndani ya mfuko wa unga wa ulezi tuliotoka nao nyumbani.

Unaikumbuka ile nyumba ya likizo tuliyopanga, tukijipikia wenyewe. Kila alfajiri wewe na shemeji yako Adela mlikwenda ufukweni kutazama ndege, mimi na miguu yangu mibovu nikabaki kulinda sufuria. Mkirudi ni heroe hivi, korongo vile, na mke wangu anacheka kama alivyocheka tulipokuwa wachumba. Nilidhani bila darubini mtakaa nami. Ukasema, "Haya shemeji, leo tutumie macho aliyotupa Mungu." Mkaenda, tena mkachelewa kurudi.

Jioni Adela alichota unga wa ugali, mkono ukagonga chuma. Akanitazama. "Baba Rahel, ulezi wetu siku hizi unaota macho?" Akaifukia tena, akasonga ugali, akakupakulia. Mpaka leo hajakuambia. Hiyo ilikuwa siri yetu wawili, ambayo wewe hukuwamo, na sasa nimekupa hata hiyo.

Darubini ipo kabatini. Nikishazikwa, ichukue, umpeleke Adela Ziwa Rukwa akatazame ndege. Atafurahi, najua.

Ila usije kabla.

Kaka yako, anayekupenda kwa shida,
Adriano