Jino la Mbele Nililokuambia Ukate

Mpendwa Baba Neema,

Bunduki yako imeuzwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza, hata kabla ya kuniuliza kama nimekula. Ameinunua Fetu, mwenzako wa kiwandani, yule aliyekupeleka kwenye uwanja wa shabaha mara ya kwanza. Leseni yako ilikoma siku uliyofariki, na mimi sina leseni, kwa hiyo haikuruhusiwa kubaki nyumbani. Watu wa duka la bunduki la Campbelltown walikuja hapa St Marys, wakaitoa kwenye sefu, nami nikatia saini. Sikulia. Nililia walipokwishaondoka, nilipoona juu ya sefu kile kisahani cha chai ulichokuwa ukiwekea skrubu.

Unakumbuka uliponiambia unataka kununua bunduki, sikusema nawe siku mbili? Tulikimbia milio ya bunduki Neema akiwa mgongoni, tukakaa kambini Kigoma miaka mingi, halafu wewe, huku Sydney kwenye amani, unataka kuileta chumbani. Siku ya tatu ukaniambia, "Mama Neema, kitu hiki nimekikimbia tangu utoto. Nataka nikishike, nikifungue, nione kuwa ni chuma na mbao tu."

"Ukishaona, utairudisha?"

Ukacheka. Hukuirudisha. Kila Jumamosi ukawa unakwenda uwanjani kutoboa karatasi kwa risasi, na unarudi umetulia kuliko ulivyokuwa ukirudi kanisani.

Ilikuwa bunduki ya mtindo wa zamani, yenye mkono wa chuma chini yake, unaousukuma mbele na kuurudisha ili risasi nyingine iingie. Uliipenda. Lakini macho yako yalianza kuchoka. Ulinieleza kwamba anayelenga hutazama vitu vitatu kwa pamoja: pengo la nyuma, jino dogo lililo mwisho wa mtutu, na shabaha yenyewe. Lile pengo lilikuwa limegeuka ukungu. Nikakuona unavua miwani, unavaa, unavua tena, na moyo ukaniuma. Mimi fundi cherehani najua uchungu wa macho.

Ndipo nikachukua kipande cha boksi la biskuti, nikakitoboa kwa sindano, nikakuambia uchungulie bila miwani. Hivyo ndivyo mwalimu wangu wa ushonaji kule kambini alivyokuwa akisoma namba za futi miwani yake ilipovunjika. Ulichungulia, ukasoma chupa ya dawa iliyokuwa upande wa pili wa meza, hadi yale maandishi madogo ya chini. Ukachungulia tena. "Mama Neema," ukasema, "kumbe mtu anaweza kuonea tunduni."

Kesho yake ukaanza kutafuta tundu la kulengea, la kufunga kwenye bunduki badala ya lile pengo. Wiki tatu nzima tulikula chakula cha jioni na matundu. Kulikuwa na lile la kusimama nyuma kabisa karibu na kitako, refu, zuri kama pambo, lakini ulisema liko karibu mno na jicho na bunduki inaporudi nyuma litakupiga. Kulikuwa na la kufungwa ubavuni, ila lilihitaji kutoboa chuma, nawe hukutaka kutoboa. Mwishowe ukachagua lile dogo linalokaa juu, nyuma kidogo ya mtutu, kwa sababu kiwandani walikuwa wameshaacha matundu mawili ya skrubu. Lilikuja na kipete chenye tundu dogo, cha kulengea karatasi. Ukikifungua, linabaki tundu kubwa, la kuwindia porini.

Jumamosi mchana tulikaa gereji. Kabla ya kugusa chochote ulifungua ule mkono mara tatu, ukatia kidole ndani, kisha ukanigeuzia. "Na wewe hakikisha." Kila mara ulifanya hivyo, hata kama nimetoka kuhakikisha sasa hivi. Nikakupa kitambaa cha kuzungushia mtutu usikwaruzike. Ukaligonga lile pengo la zamani kwa kijiti cha shaba, kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, mpaka likatoka. Skrubu zikaingia kisahanini. Ulipofunga tundu jipya, mkono wa bunduki ukagoma. Ulitoka jasho. Kumbe skrubu ndefu umeiweka mahali pa fupi, ikagusa ndani. Ukazibadilisha, tone la gundi kila moja, mkono ukateleza.

"Usilitazame tundu," ukaniambia uliponiachia nichungulie. "Tazama jino la mbele. Tundu jicho litalipanga lenyewe."

Nilichungulia, nikaliona jino katikati, safi. Sikuogopa. Nadhani ndiyo siku niliyoacha kuiogopa.

Sasa nifike pale nisipopataka.

Wiki iliyofuata ulirudi umekunja uso. Risasi zote zilipanda juu ya shabaha, na tundu ulikuwa umeliteremsha hadi mwisho. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, napunguza sketi ya Neema. Bila hata kuinua kichwa nikasema, "Kilicho juu kinakatwa. Kata hilo jino la mbele."

Ulisita. "Una hakika?"

"Baba Neema, pindo likiwa refu unalivuta?"

"Haya. Tangu lile boksi la biskuti, wewe ndiye fundi." Ukachukua tupa. Nilisikia sauti yake kutoka gereji, chuma kwa chuma, nami nikaendelea kushona.

Jumamosi iliyofuata ulirudi na karatasi nzima, haina hata tundu moja. Risasi zote zilikuwa zimepita juu yake. Ukaniwekea mezani. "Chukua, ufungie mandazi." Kisha ukachukua penseli na uzi, ukanionyesha: jino la mbele likifupishwa, mtu huuinua mtutu ili alione, na mtutu ukiinuka risasi nayo inapanda. Lilitakiwa jino refu zaidi, si fupi. Nilitaka ardhi inimeze. Wewe ukasema, "Jino la mtu mzima halioti tena. Tutaagiza jingine." Ukaagiza usiku uleule, ukanishika bega, ukaenda kulala.

Jumatano moyo wako ukasimama kazini.

Kifurushi kilifika baada ya mazishi. Nilikifungua nikidhani ni zile zipu zangu. Kilikuwa chepesi, na ndani ya mfuko wa plastiki mlikuwa na jino moja jeusi. Nilikaa nalo kiganjani mpaka Neema akarudi. Akanisemesha kwa Kiingereza chake, nami nikamjibu kwa Kirundi, lugha inayonitoka nikizidiwa, akajua mambo si mazuri.

Msibani Fetu alikuwa amewachekesha watu, kwa mapenzi tu, jinsi ulivyokata jino lililotakiwa kurefushwa. "Mwenyewe alikiri," alisema. "Alisema, 'Nimekosea, ndugu yangu.'" Nilikuwa nimebeba sinia la chai. Nikapita, nikaendelea kugawa vikombe.

Baba Neema, sikuweza kuiacha iende hivyo. Mtu achukue bunduki yako, apige juu, aseme mwenyewe hakujua kazi. Nikapanda treni na kile kifurushi, nikabadilisha Blacktown, nikabadilisha tena Glenfield, mpaka Campbelltown. Fundi wa duka ni mzee mwenye ndevu nyeupe. Nikamwomba alifunge lile jino jipya kabla ya kuiuza bunduki. Nikamwambia pia nisichomwambia mtu: "Mimi ndiye niliyemwambia akate."

Akanitazama juu ya miwani. "Mama, wanaume huja hapa kila mara na kosa hilo. Wao hakuna aliyewaambia." Akaligonga la zamani, likatoka, akanipa mkononi, akafunga jipya. Hakutaka malipo.

Jumamosi iliyopita Fetu alikuja moja kwa moja kutoka uwanjani, na karatasi. Matundu matano. Nilichukua kifungo kikubwa cha koti nikakiweka juu yake, kikafunika manne. "La tano ni kosa langu," Fetu akasema, "si la bunduki."

Nikaona hapo ndipo mahali pa kukiri. Nikamwambia yote: sketi, pindo, tupa. Nilimwomba radhi, kana kwamba ni wewe.

Fetu akaviringisha kofia yake mkononi. Kisha akasema, "Shemeji, habari ya boksi la biskuti alitusimulia uwanja mzima. Kila mgeni aliyeuliza kuhusu lile tundu alijibiwa, 'Mke wangu ndiye aliyeligundua.' Tulichoka kuisikia. Hiyo ya kwamba wewe ndiye uliyemwambia akate, hakuitaja hata siku moja."

Kumbe ndivyo ulivyofanya. Langu zuri ukalitangaza, langu baya ukaondoka nalo ukisema ni lako.

Jino fupi liko kwenye kopo la vifungo. Mkono wangu hulikuta ninapotafuta kingine, na siku hizi siuondoi haraka. Karatasi ya Fetu nimeibandika ukutani, juu ya cherehani. Hii haifungiwi mandazi.

Lala, mwenzangu. Nimekula.

Ni mimi, mkeo,
Mama Neema