Unga wa Ulezi kwenye Kizibo cha Sisimizi

Baba Jenifa,

Nimewahi basi la Laela, semina ya walimu. Narudi keshokutwa. Ugali uko chini ya kawa.

Chupa ya sisimizi wangu wa somo la sayansi ~~usiiguse kabisa~~ itabidi uiguse, hakuna mwingine. Kesho asubuhi toa kile kizibo cha chakula chao, kioshe kwa maji ya moto, kikaushe. Weka pamba mpya na matone matatu ya maji ya sukari. Ukijaza, kitaota ukungu.

Sukari na maji, basi! Leo nimekuta kizibo kimeota ukungu mweupe kama ndevu za beberu, chini yake unga wa ulezi. Ukaapa ni Jenifa. Mtoto kaenda shule bila chai, analia, na wewe unatikisa kichwa kama katekista. Kumbe kijiko chenye unga nimekikuta kwenye mfuko wa koti lako. Mtu mzima na ndevu zako, unaamini sisimizi wa Ufipa hawashibi bila ulezi! Enzi za foleni za sukari ningesema unabana sukari. Siku hizi imejaa kila duka, kwa hiyo ni akili tu iliyoadimika.

Sisimizi watapona, nimewahamishia chupa safi. Usijisumbue kuwaombea.

Jenifa anarudi saa nane. Kijiko nimekiacha juu ya karatasi hii, sijakiosha. Ukikosa maneno ya kumwomba radhi mwanao, mpe hicho akishike, halafu ukae kimya.

Mama Jenifa