Viatu vya Mlangoni

Lupe mwanangu,

Ukirudi kutoka shule, kabla ya yote ingiza viatu ndani. Bakiza jozi nne tu mlangoni: yangu, yako, ya baba na ya bibi. Majimbi yako kwenye sufuria.

Asubuhi alikuja wakala wa mwenye nyumba. Nikamkaribisha ndani, akakataa. Akapiga picha viatu vyetu, jozi kumi na moja, akauliza kwa upole, “Mna wageni, mama?” Nikasema ni watu wa maombi. Maombi gani Jumanne, saa moja asubuhi? Akatabasamu tu. Mkataba unasema watu wanne.

Baba yako atasema alishaniambia tuhamie Pōkeno, kodi nafuu. Aseme. Bibi atafikaje kanisani kutoka huko? Hapa Māngere anakwenda kwa miguu.

~~Mwambie mjomba Semisi atafute pengine pa kulala yeye na wanawe.~~ Hapana. Ni kaka yangu, na gereji wanayolala ni yetu mpaka tufukuzwe.

Nikiandika hivi naliona gari la wakala. Bado liko pale kona, kioo kimeshushwa; ndiyo maana sijavigusa viatu. Mjomba na watoto wapitie uani, viatu mkononi.

Mama